Ukikuta Mayai ya Kanga Pori Wakati wa Palizi

Palizi ya kwanza ya alizeti ndiyo inayokutanisha jembe na kanga pori. Mvua zimeshika, majani yamefika magotini, na kanga jike ameshaparua kishimo chake chini ya kichaka mpakani mwa shamba. Unapalilia, mara ndege anaruka miguuni pako kwa kishindo. Ukiinama unakuta mayai 6, 8, pengine hata 12: ya rangi ya maziwa, yana vidoa vya kahawia kama yamechomwa sindano, yamechongoka upande mmoja na ganda lake ni gumu kuliko la kuku.

Yaache hapo hapo. Rudi nyuma taratibu, hamia mstari mwingine.

Wengi huyashika, wakaona ni ya baridi, wakasema haya ni viza. Sivyo. Kanga hutaga kidogo kidogo, wala haatamii mpaka atimize idadi yake. Kabla ya hapo yai hukaa baridi na bado ni zima. Akishalala juu yake, huhesabiwa siku 26 hadi 28. Kwa hiyo unachodaiwa ni subira ya mwezi mmoja na kipande kidogo cha shamba.

Kipande hicho kiwe hatua 2 au 3 kila upande wa kiota. Magugu ya humo ukate vichwa vya yale marefu ya pembeni yasije yakapukutisha mbegu. Ya katikati usiyaguse, ndiyo paa lake. Chomeka kijiti cha alama, lakini mbali, hatua kama 5. Usipite njia moja kila siku, kwa maana nyayo zako hufungua kinjia na nguchiro hukifuata. Mbwa wabaki nyumbani. Na kama ulipanga kuchoma majani ya mpakani, nakusihi usichome.

Wazee husema ukigusa yai ndege atalikataa kwa harufu ya mkono. Kinachomkimbiza hasa ni kusumbuliwa mara kwa mara.

Kuna mama mmoja aliniletea mayai 9 yamefungwa kwenye mtandio, akitaka nimwambie ayaweke chini ya kuku yupi. Nikamweleza: kuku wako ameumbiwa siku 21, haya yanataka karibu wiki nzima zaidi. Tena ndege wa porini anaweza kuleta ugonjwa bandani, na kijiji chetu kinajua kideri kinavyofagia kuku wote kwa siku chache. Zaidi ya hayo, kanga pori analindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009, na mayai yake hayachukuliwi bila kibali. Anayetaka kufuga kanga anunue mayai kwa mfugaji mwenye kanga wa kufugwa.

Tuliyarudisha jioni ileile, tukayalaza kwenye kishimo chake tukaondoka bila kugeuka. Siku ya tatu mama akapita kwa mbali, akaona mgongo wenye madoa umelala pale. Si kila mara inakuwa hivyo, lakini kujaribu siku hiyo hiyo ni bora kuliko kungoja. Baada ya kuyashika, nawa mikono kwa sabuni.

Mayai meupe, laini kama ngozi, si ya ndege. Yanaweza kuwa ya nyoka. Ondoka.

Nakubali kwamba kanga hufukua mbegu zilizopandwa karibuni, na mkulima ana haki ya kulalamika. Ila alizeti ikishafika kipindi cha palizi, hatari hiyo imepita, na kundi lile lile linashinda likidonoa panzi, mchwa na mbegu za magugu kati ya mistari yako bila kukudai chochote.

Vifaranga wakishaanguliwa hawakai kiotani. Hukauka manyoya na kumfuata mama yao. Ukikuta maganda matupu, yamegawanyika vipande viwili, wameshaondoka. Pitisha jembe.