Jinsi ya Kujenga Injini ya Mchezo wa Video Itakayodumu Miaka Mingi

Anayetaka injini yake, yaani programu ya msingi inayoendesha mchezo, itumike hata baada ya mchezo wa kwanza kusahauliwa aanze kwa kuweka mipaka kati ya mambo matatu: yaliyomo kwenye mchezo, kanuni za mchezo wenyewe, na msimbo (maagizo ya programu) unaowasiliana na mashine. Sijui mfano unaoonyesha faida ya mipaka hiyo vizuri kuliko Doom, mchezo uliotolewa na id Software mwaka 1993. Ramani, picha na sauti zake ziliwekwa nje ya programu, katika faili za WAD, hivyo wachezaji wakatengeneza ramani zao bila kuigusa injini. Msimbo uliotegemea mfumo endeshi nao ulitengewa faili zake. Msimbo wa Doom ulipotolewa hadharani mwaka 1997, lilitolewa toleo la mfumo endeshi wa Linux, kwa kuwa maktaba ya sauti (msimbo ulioandaliwa tayari) iliyotumika kwenye DOS, mfumo endeshi wa awali wa mchezo huo, ilikuwa na mmiliki mwingine. Hata hivyo watu waliuhamishia kwenye mashine za kila aina, kwani ilikuwa wazi ni faili zipi ziandikwe upya na zipi ziachwe kama zilivyo.

Kwa hiyo, kila kinachoelekea kwenye skrini, spika, kibodi au diski kipitie tabaka moja jembamba, na sehemu nyingine zote zisiufahamu mfumo endeshi. Vilevile tenganisha mwendo wa mchezo na uchoraji wa picha: mwendo uhesabiwe kwa hatua za muda zisizobadilika (Doom ilitumia hatua 35 kwa sekunde), na picha zichorwe kwa kasi yoyote ambayo mashine inaimudu. Mchezo ambao mwendo wake unafungwa kwenye idadi ya picha zinazochorwa kwa sekunde huharibika pindi kompyuta zinapoongezeka kasi.

Usiandae, hata hivyo, unyumbufu ambao hakuna anayeuhitaji bado. Andika kinachotakiwa na mchezo ulio mkononi. Mchezo wa pili ndio utakaokuonyesha ni kipi hasa kinafaa kufanywa cha jumla.

Wakati wa mageuzi ukifika, badilisha sehemu moja moja. Kampuni ya Valve ilichukua injini ya Quake, mchezo mwingine wa id Software, ikaandika upya sehemu kubwa yake, na mwaka 1998 ikatoa Half-Life. Kuna nyakati ambapo kuvunja upatanifu na miradi ya zamani ni lazima: Unreal Engine 4 iliiacha lugha ya UnrealScript, na miradi iliyojengwa nayo ikahitaji kuandikwa upya kwa lugha ya C++ au kwa Blueprint, mfumo wa kupanga programu kwa michoro. Uamuzi wa namna hiyo utangazwe mapema, nao uje na chombo cha kuhamisha miradi, kama injini ya Godot ilivyofanya ilipotoa toleo la 4 mwaka 2023.

Ikiwa unajenga juu ya injini ya wengine, isome leseni kwa makini kama unavyousoma msimbo. Mwaka 2023 Unity, kampuni yenye injini ya jina hilo, ilitangaza ada iliyohesabiwa kwa kila usakinishaji wa mchezo, kisha ikaifuta mwaka uliofuata, na katika kipindi hicho watengenezaji wengi walikuwa tayari wameanza kutafuta njia nyingine.

Mwisho, kila faili inayohifadhiwa na injini ibebe namba ya toleo lake, na msimbo wa kuisoma faili ya zamani na kuigeuza iwe mpya usifutwe. Tunza pia miradi michache ya matoleo yaliyopita, uifungue na kuiendesha yote kabla ya kutoa toleo lolote jipya.