Kupanga makaratasi ya mwandishi wa riwaya pendwa za mashoga

Anza na majina, maboksi baadaye. Samuel Steward, Mmarekani aliyefariki 1993, riwaya alisaini Phil Andros, tatuu akachora kwa jina la Phil Sparrow. Bila daftari la majina ya bandia utadhani boksi moja lina watu watatu.

Mpangilio aliouacha mwenyewe usiuguse. Steward aliwaorodhesha wapenzi wake kwenye kadi, mtindo wa maktaba. Ukizichanganya na barua umefuta ushahidi.

Sasa karatasi. Vitabu hivi vya bei chee vilichapwa kwenye karatasi duni ya mbao, yenye lignini (gundi asilia ya mti), ndiyo maana inageuka kahawia na kumeguka kingoni. Pini zenye kutu mimi huzilegeza kwa kijiti bapa cha plastiki, polepole, karatasi ikiwa imelala mezani. Rababendi toa zote. Tumia folda zisizo na asidi, mbali na jua na unyevu. Michoro ilale bapa. Selotepu kuukuu usiibandue, mwachie fundi wa kuhifadhi nyaraka.

Na barua za mapenzi zinazotaja walio hai? Zifungie kwanza. Watafiti watanung'unika, waache.