SOMO: Laini ya kukodi, asilimia kumi, na ile ada ya USF kwenye bili

Nimeulizwa sana ni laini ipi ya kukodi inayopaswa kulipa ada ya USF na ipi isiyopaswa, kwa hiyo naandika mara moja. Hili ni la Marekani, kwa ninyi mnaoshika bili za simu za ofisi.

Laini ya kukodi inaunganisha ofisi mbili saa zote bila kupiga namba. Kwenye bili, chini ya bei yake ya kukodi, utaona USF, mchango wa mfuko wa mawasiliano kwa wote. Anayedaiwa na serikali ni kampuni ya simu, ila inaruhusiwa kumrushia mteja. Aprili hadi Juni 2025 kiwango kilikuwa asilimia 36.6: laini ya dola 400 kwa mwezi iliongezewa dola 146.40.

Hatua ya 1. Orodhesha laini na ncha zake mbili. Usiiamini bili. Mimi niliwahi kukuta laini iliyohamishiwa ghala jipya miaka miwili nyuma, bili bado inataja anwani ya zamani.

Hatua ya 2. Tazama mipaka. Houston hadi New Orleans inavuka jimbo, kwa kawaida inalipa. Nairobi hadi London haigusi Marekani, haihusiki. Houston hadi Nairobi ni ya kimataifa, na hapo inategemea kampuni: ikiwa mapato yake ya kati ya majimbo hayafiki asilimia 12 ya jumla ya hayo na ya kimataifa, haichangii kwa ya kimataifa. Waulize kwa maandishi, maana kwa simu kila mhudumu ana jibu lake.

Hatua ya 3. Houston hadi Dallas ndiyo yenye utamu. Ncha zote ziko Texas, lakini kinachoangaliwa ni mawasiliano yanayopita ndani, waya wenyewe hauamui kitu. Yanayotoka nje ya jimbo yakizidi asilimia 10, laini yote inahesabiwa ya kati ya majimbo. Yasipozidi, ada hii haikuhusu.

Hatua ya 4. Msamaha hauji wenyewe. Iandikie kampuni ya simu barua: namba ya akaunti, namba ya laini, anwani za ncha zote, na tamko kwamba mawasiliano ya nje ya jimbo hayazidi asilimia 10. Asaini mwenye mamlaka, si wewe wa bili. Tunza nakala.

MASWALI

*Mkuu, asante kwa somo. Laini yetu ni Cleveland hadi Columbus, zote Ohio, ila tawi linaingilia intaneti humo humo. Nisaini?*
Usisaini, ndugu yangu. Intaneti huhesabiwa ya kati ya majimbo, na hapo asilimia 10 mmeshaipita asubuhi kabla ya chai.

*Tulizokwisha kulipa zinarudi?*
Soma mkataba wako, kipengele cha kupinga bili. Kina siku zake.

*Sisi tunakodi laini na kuziuza tena. Mchango wetu wa mwaka haufiki dola 10,000, kwa hiyo tumesamehewa, au siyo?*
Mmesamehewa kuchangia moja kwa moja, dada. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, anayewakodisha anawahesabu kama mteja wa mwisho, na USF anawawekea kwenye bili. Cheti cha anayeuza tena, kile cha kumwambia anayewakodisha asiwawekee USF, ni cha anayechangia mwenyewe, msikijaze.