Herufi nyembamba za mlazo kwenye ubao wa boti

Wenye boti wa Kibirizi, Kigoma, huniletea ubao wa mita 2 na kutaka jina la safari, KIBIRIZI – MWAMGONGO, lisomeke abiria akiwa bado juu barabarani. Herufi pana hazienei. Nazipenda nyembamba za mlazo, yaani zilizoegemea kulia, zisizo na vikia (vile vijistari vya kwenye ncha za herufi): zinakaa nyingi kwenye nafasi ndogo, halafu zinaonekana kama ziko safarini.

Usichukue herufi ya kawaida ukaibana kwenye kompyuta. Niliwahi kufanya hivyo: miguu ya wima ikakonda, mistari ya kulala ikabaki minene, na mwenye boti akaniambia maandishi yana njaa. Alikuwa na haki. Herufi nyembamba huchorwa upya. Ukitaka mfano, tazama Univers, aina ya herufi za chapa iliyochorwa na Adrian Frutiger, ya mwaka 1957. Sura zake alizipa namba: 55 ni ya kawaida, 57 nyembamba, 58 nyembamba ya mlazo.

Piga mistari miwili kwa uzi wenye chaki, sentimita 20 kati yake. Kwa mlazo, kila sentimita 5 za kupanda sogea 1 kulia. Basi kichwa cha herufi kinaupita mguu wake kwa sentimita 4. Chora mistari hiyo ya mlazo ubao mzima kabla ya herufi yoyote, maana jicho halisamehe mguu mmoja uliosimama kati ya wenzake waliolala.

Unene wa mguu sentimita 2.5, upana wa herufi 8. Ndani ya O hubaki 3, na hapo ndipo kazi ilipo. Tumbo la herufi likizibika, kwa mbali utaona doa tu. Kati ya herufi na herufi acha 2.5. O na G zipitishe mistari milimita 3 juu na chini, la sivyo zitaonekana fupi. Tena ukilaza O, kona ya juu kulia na ya chini kushoto hunenepa. Zipunguze kwa mkono.

Kiswahili chetu kina M na W nyingi, nazo hazibaniki. Zipe sentimita 11, na mistari yake ya katikati iwe na unene wa sentimita 2. KIBIRIZI inakufidia, ina I nne. Nimejumlisha: pamoja na kistari, maneno yote yanachukua kama sentimita 180.

Namba ya simu iandike hivyohivyo. Masharti ya mizigo, hapana. Maneno mengi ya mlazo uliobanwa yanachosha, yaandike wima na mapana.

Ubavu wa kulia wa boti, herufi zinaegemea mbele. Wa kushoto zinaegemea nyuma, kama boti inarudi gatini. Wengine huzilaza kinyume. Mimi naona zinasomeka vibaya. Upande huo naandika nyembamba za wima, vipimo vilevile.