Jinsi ya kukokotoa distinksheni ya shahada ya uzamili Uingereza

Mtu aliyezoea kupata 85 na 90 sekondari, akifika chuo cha Uingereza na kurudishiwa insha yenye 72, hushtuka na kudhani ameharibu. Hajaharibu hata kidogo. Katika shahada ya uzamili kule, 50 ni kufaulu, 60 ni meriti, na distinksheni, yaani daraja la juu kabisa, inaanzia 70. Aliyetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ataona hili si geni, kwani huko pia A huanzia 70. Kwenye masomo ya insha, alama inayovuka 80 ni adimu, kwa hiyo usiipigie hesabu.

Neno distinksheni lenyewe lina maana nyingi, na hapo ndipo watu hupotezana. Kwenye diploma za ufundi na biashara za KNEC, baraza la mitihani la Kenya, distinksheni ni gredi 1 na 2. Tanzania, waliofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2014 walitangaziwa matokeo kwa GPA (wastani wa pointi) na kundi la juu likaitwa distinksheni, kisha mfumo huo ukaachwa na madaraja yakarudi. Vyuo vingi vya Australia huweka distinksheni kuanzia 75, na juu yake kuna distinksheni ya juu inayoanzia 85. Shahada ya kwanza ya Uingereza yenyewe kwa kawaida haitumii neno hilo: aliyefikisha 70 hupewa daraja la kwanza. Kwa hiyo mtu akikuambia ana distinksheni, muulize kwanza ni ya wapi na ya ngazi gani.

Hesabu yenyewe

Uzamili wa mwaka mmoja unaofundishwa darasani huwa na krediti 180, yaani vipimo vya ukubwa wa kila somo. Mgawanyo uliozoeleka ni krediti 120 za masomo na 60 za tasnifu. Yaani tasnifu peke yake ni theluthi nzima ya shahada, na kila alama utakayopata ina uzito wa krediti zake.

Chukua mwanafunzi mwenye masomo sita ya krediti 20 kila moja, aliyepata 74, 66, 71, 68, 73 na 65. Jumla ni 417. Zidisha kwa 20, unapata 8,340. Distinksheni inahitaji 70 mara 180, yaani 12,600. Toa 8,340, zinabaki 4,260. Gawanya kwa krediti 60 za tasnifu: 71. Hiyo ndiyo alama anayohitaji kwenye tasnifu, na anaweza kuijua mapema kabla hajaandika sura ya kwanza.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kujumlisha alama saba na kugawanya kwa saba. Mwanafunzi huyu akipata hiyo 71, hesabu ya saba humpa 69.7 na anaanza kuomboleza bure, ilhali hesabu sahihi inampa 70 kamili. Wapo pia ambao kosa hilohilo huwapa furaha isiyo yao. Kama masomo yako yana krediti 10, 15 na 30 kwa kuchanganyika, makosa huzidi, basi weka kila alama kwenye jedwali pamoja na krediti zake na uzidishe moja moja.

Sasa tazama kuchelewa kazi kunavyogharimu. Tuseme chuo kinakata alama 5, na somo lenye 66 likashuka hadi 61. Tasnifu sasa inadaiwa 72.7. Kama somo hilo lilifeliwa na likarudiwa, hali ni nzito zaidi, kwa sababu sapu (mitihani ya marudio) za Uingereza kwa kawaida hufungwa kwenye 50 hata ukijibu vizuri namna gani. Tasnifu itadaiwa 76.3, na baadhi ya vyuo havimpi kabisa distinksheni aliyerudia somo.

Masharti yanayojificha nyuma ya wastani

Wastani wa 70 mara nyingi hautoshi. Fungua kitabu cha mwongozo wa kozi yako, nenda kwenye kanuni za kutunuku shahada, utafute mambo matatu. La kwanza ni iwapo tasnifu nayo lazima ifike 70. Pale sharti hilo lilipo, mwenye wastani wa 71 na tasnifu ya 66 huondoka na meriti, na hakuna wa kumlaumu. La pili ni kama 69.5 inapandishwa kuwa 70 au inabaki ilivyo. La tatu ni ukanda wa mpakani: vyuo vingine humwangalia upya mwenye 68 au 69 iwapo krediti zake nyingi zina alama za 70 kwenda juu, vingine havina huruma hiyo. Vipo pia vyuo visivyotumia asilimia. Glasgow, kwa mfano, ina mizani ya pointi 22, na hesabu ya hapo juu haiwezi kuhamishiwa huko vivi hivi.

Tasnifu huangukia wapi

Tasnifu nyingi za 60 na kitu zina kazi ya kutosha. Kinachokosekana ni hoja. Sura ya mapitio inapanga waandishi foleni, huyu kasema hivi na yule vile, bila mwanafunzi kusema nani ana ushahidi dhaifu na kwa nini. Watahini wanatafuta hukumu yako, iliyojengwa kwa ushahidi, kwenye swali dogo linaloweza kujibiwa. "Elimu ya wasichana Tanzania" ni bahari. Sababu za wasichana wa kata moja kuacha shule wakiwa kidato cha pili, hilo ni swali.

Jambo jingine ni muda. Ukitaka kukusanya data nyumbani, huanzi mpaka kamati ya maadili ya chuo iidhinishe, na huku nyumbani kuna kibali cha utafiti kutoka tume ya sayansi na teknolojia, NACOSTI kwa Kenya au COSTECH kwa Tanzania. Anayesubiri mwezi Juni ndipo aombe, mara nyingi huishia na mahojiano machache ya harakaharaka, na sura ya matokeo inadhoofika. Omba mara mada inapokubaliwa.

Alama unazoona kwenye mfumo ni za muda hadi bodi ya watahini ikae na kuzithibitisha, kwa hiyo usitangaze bado. Ukikosa distinksheni kwa 69.2, rufaa ya kusema "nilistahili zaidi" haisikilizwi, maana uamuzi wa kitaaluma wa watahini haukatiwi rufaa. Kinachosikilizwa ni utaratibu uliokiukwa, au ugonjwa na msiba uliokupata. Hata hapo cheti cha hospitali hutakiwa wakati wa tatizo, si baada ya matokeo.

Ukirudi, andika kwenye wasifu wako daraja lilivyo kwenye cheti, na usijitungie GPA. Agiza transkripti, yaani hati rasmi ya matokeo, inayoonyesha alama na krediti za kila somo kabla hujaondoka, maana ndiyo utakayoambatisha ukiomba shahada itambuliwe na tume ya vyuo vikuu, TCU Tanzania au CUE Kenya.