Kisu cha kukunja cha Kijerumani ulichorithi: namna ya kujua ni cha nani na cha mwaka gani

Weka msasa chini kwanza. Brashi ya waya na mashine ya fundi wa kunoa zikae mbali pia. Umri wa kisu umo kwenye maandishi madogo yaliyogongwa kwenye chuma, na yakishasuguliwa hayarudi.

1. Kifungue. Bapa likigoma, dondoshea mafuta ya cherehani kwenye kiungo, uliache hadi kesho. Koleo hapana.

2. Soma shina la bapa. Yaani ile sehemu nene isiyo na makali, bapa linapoingia kwenye mpini. Pangusa kwa mswaki wa zamani na mafuta yaleyale, uchafu uchokoe kwa kijiti cha meno, si sindano. Kisha zima taa na ulaze tochi ya simu ubavuni mwa chuma, mwanga upite juu juu, herufi zitajitokeza. Piga picha. Geuza upande wa pili, na rudia kwa kila bapa, maana jina la kiwanda laweza kuwa hapa na nchi ikawa kule.

Sasa tafuta mwaka ambao kisu hakiwezi kuwa kimeutangulia. Njia nyingine siziamini.

“Germany” au “Made in Germany” huonyesha kisu cha kuuzwa nje: sheria ya Uingereza ya 1887 ndiyo iliyosukuma alama hiyo, Marekani ikafuata 1891. Lakini neno hilo likikosekana usishangilie. Visu vya kuuzwa Ujerumani kwenyewe havikulihitaji. “West Germany” ni kati ya 1949 na 1990.

“D.R.G.M.” ni usajili wa muundo, 1891 hadi 1945. “D.R.P.” ni hataza (patent), 1877 hadi 1945. Hii ya pili ikiwa na namba, una bahati: iingize DEPATISnet, hazina ya bure mtandaoni ya ofisi ya hataza ya Ujerumani, uone hati yenyewe na tarehe yake. Hiyo ni tarehe ya ubunifu. Kisu chenyewe kinaweza kuwa cha miaka mingi baadaye.

“Rostfrei” maana yake hakishiki kutu. Krupp, kampuni ya chuma ya Ujerumani, waliomba hataza za chuma hicho 1912, na kwenye visu kilienea baada ya vita ya kwanza ya dunia. Nyumbani kwa binamu yangu waliapa kwamba babu alipewa chao na askari wa Kijerumani 1916. Tulipopangusa shina tukakuta Rostfrei, na shangazi hajafurahi mpaka leo. Na usiniletee sumaku: chuma cha visu hunasa sumaku hata kikiwa hakishiki kutu.

“Solingen”, mji wa wafua visu huko Ujerumani, haitoi mwaka. Jina lilikuwa likigongwa zamani sana. Sheria ya 1938 ililinda tu lisitumiwe na wa nje ya eneo lile. Nembo nazo hivyohivyo. Mapacha, nembo ya kiwanda cha Henckels, wamesajiliwa tangu 1731 na wapo hadi leo. Nembo hukwambia kisu ni cha nani, basi.

3. Mpini. Pembe, mfupa na mti vimetumika enzi zote, usipoteze muda. Mpini wa bati jeusi lililokunjwa, wenye paka anayeruka na K55K, ni kisu kiitwacho Mercator, cha kiwanda cha Kaufmann wa Solingen. Ukishuku seluloidi, yaani plastiki ya zamani, usiijaribu kwa sindano ya moto kama wanavyofundishana watu: huwaka ghafla. Ikianza kuoza, mvuke wake hushikisha kutu visu vya jirani, kwa hiyo itenge.

4. Tai na swastika, alama ya Wanazi. Anza kwa kushuku. Alama hiyo hupandisha bei, ndiyo maana bado kuna wanaoigonga kwenye visu vikuukuu. Mistari yake ikiwa mikali huku jina la kiwanda limelika, imeongezwa. Ukiamua kuuza, tuma picha za shina pande zote mbili, na hadithi ya babu isimulie baada ya bei kukubaliwa.