Somo: Kutunza njia za msitu wa umma, kwa mgeni na kwa mtunzaji

Tukiingia msituni wengi wetu macho huenda juu, kwenye miti. Leo naomba mtazame chini, mnapokanyaga. Msitu ulio wazi kwa watu wote huanza kuharibika njiani, na njia ikitunzwa vizuri unaweza kupokea wageni miaka na miaka bila kuchakaa. Mambo ya takataka na moto mnayajua, sitayarudia.

Hatua ya 1: Safisha viatu kabla ya kwenda

Tumezoea kusafisha viatu tukirudi. Kwa usalama wa msitu, fanya hivyo kabla ya kuondoka nyumbani. Tope lililokauka kwenye vijino vya soli hubeba mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa ya mizizi. Kule New Zealand, mti mkubwa uitwao kauri unauawa na kimelea cha jamii ya Phytophthora kinachoishi udongoni, na udongo kidogo tu ulionata kiatuni unatosha kukihamisha. Mwaka 2018 sehemu kubwa ya msitu wa Waitākere, pembeni ya jiji la Auckland, ilifungwa kwa wageni kwa sababu hiyo.

Chukua brashi ngumu, kwangua mpaka soli iwe safi kabisa. Dawa ya kuua vimelea ifuate baadaye. Ukiipulizia juu ya tope haifiki ndani.

Hatua ya 2: Pita katikati ya tope

Hili watu hulipinga sana, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Mvua imenyesha, dimbwi limetuama njiani. Mtu wa kwanza anapita pembeni, juu ya majani, asilowane. Wa pili anaona alama ya nyayo, naye anapita hapohapo. Majani yanakufa, udongo unashindiliwa, maji yanatuama hapo pia, na wa tatu anasogea pembeni zaidi. Nimeona njia ya upana wa mtu mmoja ikifika upana wa hatua tisa ndani ya msimu mmoja wa mvua. Katikati yake mizizi ilikuwa imetokeza juu, gome limechubuliwa na soli hadi mti mweupe wa ndani unaonekana.

Udongo mzuri wa msitu, karibu nusu yake ni vijitundu vya kupitishia maji na hewa. Kukanyaga kunaviziba. Tena madhara mengi hutokea mapema: nyayo za mwanzo ndizo huua mimea mingi, zinazofuata huongeza kidogo tu. Ndiyo maana watu mia moja kwenye njia moja wana nafuu kuliko watu hao hao wakitawanyika kwenye vijia kumi. Vaa viatu unavyokubali kuvilowesha, upite katikati.

Hatua ya 3: Ikague njia mvua ikinyesha

Sasa watunzaji na wanaojitolea. Adui mkubwa wa njia ni maji yanayotiririka juu yake. Siku ya jua huwezi kuyaona. Toka mvua ikiwa inanyesha, beba jembe, tembea njia yote. Utaona maji yanapoingilia, yanaposhika kasi na yanapobeba udongo. Weka alama kila yanapoingilia, kwa sababu hapo ndipo pa kutengeneza, wala si kule chini lilikochimbika korongo.

Kikundi chetu kilijifunza hili kwa uchungu. Njia yetu ya kwanza tuliishusha moja kwa moja kutoka kileleni, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa fupi. Mvua kubwa ya kwanza iliigeuza mfereji, na kazi ya siku nyingi ikaishia mtoni.

Hatua ya 4: Pima mteremko

Njia ikate mlima kwa ubavu. Kanuni inayotumika sana ni hii: mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa mlima pale inapopita. Mlima ukiwa na asilimia 16, njia isizidi 8. Ikizidi, maji hayavuki njia, yanaifuata. Kupima ni rahisi: shikiza ncha moja ya kamba ya mita 10 ardhini upande wa juu wa njia, ivute kuelekea chini ikae sawa kwa pimamaji, kisha pima urefu kutoka ncha ya upande wa chini hadi ardhini. Ukipata sentimita 80, hiyo ni asilimia 8.

Halafu inamisha uso wa njia kidogo kuelekea bondeni. Kwa njia ya upana wa mita 1, tofauti ya sentimita 5 hivi inatosha kuyatoa maji. Na kila baada ya umbali fulani, njia ishuke kidogo kisha ipande tena, ili maji yatokee pale penye bonde dogo.

Hatua ya 5: Funga njia za mkato

Kabla ya kufunga, jiulize watu walikuwa wanakimbilia nini: maji, kivuli, mandhari? Wapeni njia halali ya kufika huko kwanza. Kisha legeza udongo ulioshindiliwa, mwaga majani makavu, panda mimea ya asili ya msitu huo huo, laza magogo na matawi. Anzeni pale kijia kinapoonekana kutoka njia kuu. Kisipoonekana, hakifuatwi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini tusimwage changarawe tu tukamaliza?*

Changarawe ni nzuri baada ya maji kutolewa. Ukiimwaga juu ya mkondo, mvua itaisomba. Tengenezeni mteremko kwanza.

*Mti umeanguka njiani. Tuuondoe wote?*

Hapana ndugu yangu. Kateni kipande cha upana wa njia tu, kinachobaki kiachwe kioze. Gogo linalooza ni makao ya wadudu na kuvu, na miche mingi huota juu yake. Ila mti mkavu uliosimama juu ya viti vya wageni, hapo bwana misitu aitwe haraka.

*Watoto wangu wanapenda bembea. Kuna ubaya kufunga kamba kwenye mti?*

Kamba nyembamba inayosugua hukata gome, na chakula cha mti kutoka kwenye majani hupita ndani ya gome hilo. Gome likikatika kuzunguka shina au tawi lote, sehemu hiyo hufa. Kama msitu unaruhusu bembea, tumia mkanda mpana, tawi nene lililo hai, na uufungue mkiondoka. Hata mkanda uliosahaulika huubana mti unaponenepa.